Mlango wa duka, bango lake na kibali cha Mji Mkongwe

Jirani yetu mwenye duka la nguo Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe hapa Unguja, anataka kutengeneza upya mbele ya duka lake, naye ameniomba nizisome ramani kabla hajaziwasilisha kuomba kibali. Anakusudia kuondoa milango ya mbao na kuweka kioo chenye fremu za aluminiamu, kupiga plasta mpya juu ya baraza, na kufunga bango la plastiki lenye taa ndani, refu kuliko upana wa mlango wenyewe. Kwa ridhaa yake naandika hapa niliyomwambia, maana wenye maduka wengi wa mitaa ile wanakabiliwa na swali hilohilo.

Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mamlaka ya kuusimamia ilikuwapo tangu 1985. Kwa hiyo mtu hawezi kubadili sura ya nje ya jengo kwa hiari yake tu. Wafanyabiashara wengi hudhani kwamba mjadala wa bango ni mjadala wa rangi na ukubwa wa herufi, na baadhi ya wanaopitia maombi nao huishia hapohapo. Kwa maoni yangu swali la kwanza ni jingine: siku kitu hiki kitakapoondolewa, ukuta utabaki katika hali gani? Kinachoweza kutolewa bila kuacha jeraha kinastahili kuzungumzwa kwa moyo mkunjufu. Kisichoweza kikataliwe, hata kama kimechorwa kwa ustadi.

Tuanze na mlango. Maduka ya aina hii yalijengwa zaidi na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, biashara ikiwa chini na makazi juu, na mlango wake ni mbao kadhaa zinazokunjwa asubuhi hata karibu upana wote wa duka ukawa wazi kwa mpita njia. Katika ramani ya jirani yangu, kipande cha ukuta kilicho kati ya milango miwili kinaondolewa ili kioo kiwe kimoja. Kwenye karatasi kipande hicho ni mistari miwili mifupi, lakini juu yake kuna ukuta wa ghorofa, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, pamoja na vichwa vya boriti zinazobeba sakafu ya wapangaji wengine. Mji huu umeshaona, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la kale la masultani, ikianguka; jengo lile lina historia yake na sababu zake, lakini tangu siku ile sioni vipi mtu anaweza kukubali ukuta unaobeba mzigo ukatwe bila mhandisi kuuona kwa macho yake. Isitoshe, duka lililofungwa kwa kioo hupata joto na kuhitaji kiyoyozi, na kiyoyozi kina mashine ya nje ambayo ramani haikuionyesha popote.

Kuhusu bango, nilimpeleka upande wa pili wa njia, kwenye duka ambalo bango lake la plastiki lilikuwa limeteremshwa karibuni. Nyuma yake ulikuwa umejificha ubao wa nakshi uliopita juu ya mlango wote, majani na maua yake yakiwa bado yanasomeka chini ya vumbi. Bolti za chuma zilikuwa zimepigwa ndani ya jiwe, hewa ya chumvi ikazila, kutu ikavimba na kulipasua jiwe kuzunguka kila tundu. Plasta ilitoka kwa kuguswa na kidole.

Hoja ya mfanyabiashara naiheshimu: anataka mgeni amwone. Lakini katika njia nyembamba mtu hutembea sambamba na ukuta, na bango lililolala ukutani juu ya kichwa chake halioni mpaka alipite. Kibao kidogo cha mbao kinachotokeza njiani humfikia mapema zaidi, mradi kifungwe juu ya kimo cha hamali aliyebeba mzigo, kisizibe roshani ya jirani, na skurubu zake ziingie kwenye mbao za mlango badala ya jiwe. Taa moja ndogo ya kukimulika inatosha.

Plasta ni jambo fupi. Saruji haiufai ukuta wa matumbawe, kwa kuwa huzuia unyevu usitoke, na unyevu uliozuiwa hupanda hadi kwenye boriti na kuziozesha. Itumike chokaa, na fundi apewe muda wa kuiacha ikauke polepole.

Liko pia suala la mwenye nyumba. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za serikali au za wakfu, na mpangaji ndiye anayegharimia matengenezo ya mali isiyo yake. Ndiyo maana naamini wanaopitia maombi wanapaswa kufika mtaani, kusimama mbele ya duka, na kutoa majibu yao kwa maandishi yenye sababu, kwa kuwa mpangaji anayesubiri jibu anaendelea kulipa kodi.

Jirani yangu amechora upya. Ukuta wa kati umebaki, milango ya mbao imebaki, na kioo kimerudishwa ndani, nyuma ya milango hiyo. Amepiga picha za mbele yote ya duka, pamoja na nyufa zilizopo, aziambatanishe na barua ya ridhaa ya mwenye nyumba. Lililobaki ni mashine ya kiyoyozi. Nimemshauri aichore sasa, upande wa uani, maji yake yakipelekwa kwenye mfereji kwa bomba, kwa sababu isipoonekana kwenye ramani, fundi ataifunga popote atakapoona pepesi, na hapo pepesi ni juu ya mlango.