Kava lije mwisho

Nianze na jambo ambalo waandishi wengi wanaojichapishia wenyewe hawapendi kulisikia: kava ni kazi ya mwisho, sio ya kwanza. Najua kava ndo lenye raha, ndo unaloweka status watu wanakumwagia pongezi, na kuna mtu hata sura ya tatu hajaimaliza tayari kava lake lipo, katengenezewa na kijana wa mtaani kwenye Canva. Mimi napanga kurasa za vitabu vya watu hapa Dar, na karibu kila anayekuja anakuja na kava mkononi huku maandishi yenyewe bado yako kwenye Word, anakwambia "kaka, kava liko tayari, bado ndani tu". Namuuliza mgongo wa kitabu una milimita ngapi, ananiangalia. Hapo ni sawa na suti imeshashonwa na mwenye suti hajapimwa.

Mgongo ndo kila kitu kwenye kava. Kava la kitabu cha kubaindi kwa gundi sio picha ya mbele peke yake, ni karatasi moja ndefu yenye nyuma, mgongo na mbele vimeungana, na unene wa mgongo unategemea kurasa ngapi na karatasi gani. Hesabu yenyewe ni rahisi: gawa kurasa kwa mbili upate idadi ya karatasi, zidisha kwa unene wa karatasi moja. Karatasi ya kawaida nyeupe ya gramu 80 (ni uzito wa mita moja ya mraba) ina kama milimita 0.1, ukitaka kuhakikisha chukua rimu ya karatasi 500 uipime na rula utaona inacheza kwenye sentimita 5. Kwa hiyo kitabu cha kurasa 192 ni karatasi 96, mgongo wake milimita 9.6. Sasa mwenye kitabu akibadili mawazo akataka karatasi ya krimu iliyovimba vimba kidogo, tuseme yenye unene wa 0.13, kitabu kilekile kinakuwa na mgongo wa milimita 12 na nusu, na lile kava la mwanzo jina la mgongoni linahamia pembeni, nusu liko mgongoni nusu limepinda kwenda mbele. Usimlaumu dizaina hapo, alipewa kazi ya kukisia.

Kwa hiyo kabla ya chochote nenda kwa mtu wa mashine. Yaani nenda kabisa, usipige simu, ukamuulize anatumia mashine gani, karatasi gani anayo stoo na anabaindi vipi, umwombe na vipande vya karatasi uondoke navyo. Ukitaka vitabu 50 au 100 atakupeleka kwenye dijitali, inayoprinti moja kwa moja toka kwenye faili, ukitaka kuanzia 500 kupanda juu ofseti ndo inaanza kuwa na maana sababu gharama ya pleti, yale mabamba yanayobeba sura ya kurasa kwenye mashine, inagawanyika kwenye vitabu vingi. Ofseti ina mambo yake, maana mashine yake haiprinti ukurasa mmoja mmoja, inaprinti shiti kubwa inakunjwa. Hizi mashine za Heidelberg GTO 52 ambazo printa (wenye mitambo ya kuchapa) wengi wadogo bado wanazo zinakula karatasi ya sentimita 36 kwa 52, maana yake kurasa nne za A5 upande mmoja na nne upande wa pili, jumla nane. Mashine kubwa zaidi inakupa 16 au 32. Kwa hiyo kitabu chako kikiishia ukurasa wa 187 hakiishii hapo, kitafika 192 upende usipende, na zile kurasa tano zilizobaki ama uzitumie kwa kitu cha maana (wasifu wako, matangazo ya kitabu kinachofuata) ama ziwe nyeupe na bado unazilipia. Na kikiishia 193 ndo balaa, maana ukurasa mmoja umekuvutia shiti nzima nyingine. Hapo kazi yangu inakuwa kutafuta aya yenye neno moja limebaki peke yake mstari wa mwisho nilirudishe juu, mpaka sura moja ipungue ukurasa.

Kuhusu karatasi kuna kitu hakisemwi sana. Karatasi ina nyuzi na nyuzi zinalala upande mmoja, kwenye kitabu zinatakiwa zilale kufuata mgongo, kutoka juu kwenda chini. A4 nyingi za kwenye rimu nyuzi zake zinaenda kwa urefu, sasa ukiikata katikati upate A5 mbili, nyuzi zinakuwa zinaenda kwa upana. Ndo maana vile vitabu vya kuprintiwa stationari kwa A4 zilizokatwa vinakakamaa, unavifungua vinajifunga vyenyewe, na ukivilazimisha gundi inaachia. Kujaribu ni bure: chana kipande, upande unaochanika kwa mstari ulionyooka ndo upande wa nyuzi. Muulize printa wako swali hili, na jinsi atakavyokujibu utajua kama anakijua anachokifanya.

Haya, ndani sasa. Saizi ya A5 ni milimita 148 kwa 210, na usiniletee faili la A4 ukaniambia "litapunguzwa tu", herufi zinapungua pamoja na ukurasa na msomaji wako mwenye miaka 50 hataki mitihani. Weka saizi ya ukurasa sawasawa toka mwanzo. Pambizo ya ndani iwe kubwa kuliko ya nje, mi naweka milimita 20 ndani na 15 nje, sababu kwenye kubaindi kwa gundi ya moto mashine inasaga mgongo milimita 2 au 3 kwanza ndo gundi ishike, halafu kitabu chenyewe hakifunguki mpaka mwisho, kwa hiyo maneno yaliyobanana ndani yanazama. Herufi pointi 11, nafasi ya mistari kama pointi 14 au 15, fonti yenye vimiguu kama Garamond. Times New Roman sio dhambi, ila inabana sana na kitabu kinanukia barua ya ofisi.

Kiswahili kina tabu yake kwenye kupanga kurasa na tutorio za YouTube hazitakwambia, sababu zinafundisha kwa Kiingereza. Maneno yetu ni marefu. "Hawakutufahamisha" ni neno moja na linakula robo ya mstari wa A5, na ukinyoosha pande zote mbili bila kukata maneno, mstari unabaki na mashimo ya kupita daladala. Ukiwasha ukataji wa maneno na lugha ikiwa imewekwa Kiingereza, programu inaweza kukukatia "wanaf-unzi" na "kit-abu" bila aibu yoyote. Mi nazima kabisa ule ukataji wa moja kwa moja, halafu napitia mistari yenye mashimo naweka kistari mwenyewe, kwenye Word ni Ctrl na kistari, neno linakatika pale tu panapohitajika. Kata baada ya irabu: wana-funzi, ki-tabu, hawakutu-fahamisha. Usitenganishe mb, nd, ny, sh, na usiache herufi moja tu mwisho wa mstari. Inachosha? Ndiyo, na ndo sababu nalipisha.

Alafu kuna ng'. Mswada mmoja umeandikwa nusu kwenye simu nusu kwenye kompyuta ya ofisini, ukiufungua unakuta ng'ombe wana alama za aina tatu, ya wima, ya kupinda, na ile ya kulala inayokaa pembeni ya namba 1 kwenye kibodi. Kwenye skrini huoni, kwenye karatasi inaonekana kama uchafu. Tafuta na ubadilishe zote ziwe moja, na ufanye kabla hujaanza kupanga, sababu ukifanya baadaye mistari inahama.

Wenye mashairi nao wana lao. Ubeti wa mistari minne usiukate, mistari miwili chini ya ukurasa huu miwili ukurasa unaofuata, hapana, afadhali ubaki weupe chini. Kitabu cha mashairi kinakuwa na nafasi nyingi tupu na kinaongezeka kurasa, ndivyo kilivyo. Na ile mizani 16 ya mstari na pengo lake katikati inakaa vizuri tu kwenye A5 kwa pointi 11, usipunguze herufi kwa woga.

Kurasa za mbele nazipita haraka: ukurasa wa jina kulia, haki ya kunakili nyuma yake, ukurasa namba 1 siku zote upo kulia na namba za witiri zinabaki kulia mpaka mwisho. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, hapa kwetu inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, unaipata Maktaba Kuu pale Bibi Titi, na Kenya ni huduma yao ya maktaba ya taifa. Ina tarakimu 13, za Tanzania utaona nyingi zinaanza 978-9976 au 978-9987. Iombe mapema sababu inakaa sehemu mbili, ukurasa wa haki na nyuma ya kava.

Kurasa zimefungwa? Yaani umeshasoma prufu, ile nakala ya kukagulia makosa, mwenzako kasoma, hakuna kuongeza shukrani kwa shemeji? Basi ndo tuje kwenye kava. Kwa kitabu chetu cha kurasa 192 upana ni 148 na 148 na mgongo 9.6, halafu unaongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, hiyo ndo wanaita blidi, jumla 311.6 kwa 216. Rangi au picha inayofika ukingoni lazima ifike mpaka mwisho wa hizo milimita 3, sababu kisu kikiyumba kidogo bila blidi unapata kamstari keupe pembeni, na kisu kinayumba. Maandishi nayo yakae mbali na ukingo, milimita 8 hivi kwenda ndani.

Picha iwe na pikseli 300 kwa inchi, kwa upande mmoja wa kava pamoja na blidi yake hilo ni kama 1783 kwa 2551. Tafadhali msitumiane picha ya kava kama picha ya kawaida ya WhatsApp, inabanwa, kwenye simu inang'aa na kwenye karatasi inatoka ukungu. Tuma kama dokumenti. Rangi nazo: simu inatengeneza rangi kwa mwanga, mashine inatengeneza kwa wino wa rangi nne, CMYK, na kuna rangi wino hauzifikii. Kijani cha kung'aa na bluu kali ndo wa kwanza kufa, kwa hiyo ukiweka picha ya kitenge geuza faili iwe CMYK mwenyewe uone huzuni yako mapema, usisubiri boksi lifunguliwe. Maandishi meusi ya ndani yawe wino mweusi peke yake, asilimia 100, ukichanganya rangi zote nne herufi zinapata kivuli.

Jina la mgongoni kwetu linasomeka kutoka juu kwenda chini, kitabu kikilala kava la mbele likiwa juu jina linasomeka sawa. Vitabu vingi vya Kifaransa vinafanya kinyume, kwa hiyo ukiona cha Lubumbashi kimegeuka, sio kosa. Mgongo ukiwa chini ya milimita 5 au 6 acha tu bila maandishi. Msimbo wa mistari wa ISBN uwe mweusi juu ya kiboksi cheupe, usiupake nyekundu eti uendane na kava, skana nyingi zinatumia mwanga mwekundu na hazitauona.

Faili la mwisho ni PDF, fonti zimefungwa humo ndani, kurasa za ndani faili moja na kava faili lake. Ukimpelekea printa Word, kompyuta yake haina fonti yako, kurasa 192 zinakuwa 201 na hesabu yote ya juu imekufa. Halafu dai prufu ya karatasi, kitabu kimoja kimebaindiwa kabisa, sio picha ya prufu kwenye simu. Kifungue katikati kwa nguvu, pima mgongo, hesabu kurasa moja moja uone hakuna shiti iliyoingia kichwa chini. Ukishasaini, kosa ni lako.

Bei siandiki maana karatasi inapanda kila unapogeuka, uliza sehemu tatu na uwape maelezo yaleyale ya gramu, saizi, kurasa na laminesheni (ile nailoni ya juu ya kava), mati isiyong'aa au glosi inayong'aa, la sivyo unalinganisha vitu tofauti. Uzito ndo naweza kukupa: kitabu hiki cha kurasa 192 kwa gramu 80 na kava la gramu 300 kinafika kama gramu 260, kwa hiyo vitabu 500 ni kilo 130. Muulize printa kama bei yake inafika kwako au inaishia mlangoni kwake, na kama unakaa ghorofa ya nne bila lifti, tafuta vijana wa kubeba kabla gari halijafika.