Jinsi nilivyoondoa mikunjo kwenye negativu zangu Tabora

Mwezi Oktoba, kabla ya mvua, maji ya tangi hapa Tabora yalifika nyuzi joto 29. Negativu zangu (filamu zenye picha iliyogeuzwa mwanga na kivuli) za inchi 4 kwa 5, nilizopigia miembe mikongwe ya mji huu, zilitoka zikiwa na mikunjo midogo kama ngozi iliyokauka, nami kwa muda mrefu nililaumu filamu.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nikipooza kwa barafu dawa ya kusafishia, ile inayoitokeza picha kwenye filamu, peke yake hadi nyuzi 20, kisha nikiitumbukiza filamu katika dawa ya kugandishia, inayoifanya picha idumu, na maji ya kusuuzia yenye joto lile la tangi, wakati jelatini, yaani utando wa filamu unaobeba picha, ikilowa huvimba na kulainika, na ikishtushwa kwa tofauti kubwa ya joto hujikunja bila kurudi.

Niliacha barafu. Sasa maji hulala usiku kucha katika mitungi ya udongo isiyopakwa rangi, iliyowekwa penye upepo, kwa kuwa hewa kavu ya msimu huu hukausha unyevu unaopenya nje ya mtungi na hivyo kuyapooza. Alfajiri hupima nyuzi 24, na dawa zote, hata maji ya mwisho, hubaki hapo. Filamu ya FP4 Plus katika dawa ya kusafishia ya ID-11 iliyozimuliwa kwa kiasi sawa cha maji, ambayo kwa nyuzi 20 huhitaji dakika 11, kwa nyuzi hizi 24 naitoa baada ya dakika 8 hivi.

Mikunjo haijarudi, na majani ya miembe yanahesabika kwenye karatasi.