Pampu ya Kahe haikuwemo kwenye barua

Kazini kwetu hapa Moshi, kila tukitangaza nafasi ya fundi sanifu au mhandisi, maombi hunipitia mimi kwanza. Siku hizi yanakuja kwa barua pepe, lakini bado tunayaita bahasha. Nikishafungua chache za juu, zilizobaki naweza kukuimbia bila kuzisoma: mwombaji ni mchapakazi, anajituma, ni mwaminifu, anaweza kufanya kazi peke yake na anaweza pia kushirikiana na wenzake, tena hata kwenye presha kubwa. Mimi nashughulika na pampu na mabomba, ambako presha hupimwa kwa baa, kwa hiyo nikifika hapo kwenye presha natamani kumpigia simu nimuulize, baa ngapi?

Sisemi kwamba ni waongo. Wengi wao huenda ni wachapakazi kweli. Tabu ni kwamba hakuna pa kushika. Ukiniambia unajituma, sina cha kupima, sina cha kukuuliza siku ya usaili, na sina cha kukutofautisha na jirani yako kwenye faili ambaye naye anajituma vilevile.

Nadhani najua inakotoka. Tumelelewa na ile ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huku kwetu mlimani mtoto akijisifu mbele ya wakubwa anashushwa palepale, na mimi mwenyewe nimeshushwa sana. Basi mtu mzima akiambiwa aandike alichofanikisha anakimbilia maneno ambayo kila mtu anayatumia, maana hayo hayahesabiki kuwa majivuno. Lakini nenda soko la Mbuyuni asubuhi uone kama ndizi nzuri zinajiuza. Mama anazipanga, zilizonona anaziweka mbele, na kabla hujauliza bei ameshakwambia zimeshuka leo kutoka Kibosho. Hajajisifu. Amekupa habari unazohitaji ili ununue.

Juzijuzi akaja mtoto wa kaka yangu. Ana stashahada ya uhandisi mitambo, amemaliza mwaka jana, na tangu hapo anaganga njaa kwa vibarua vya ufundi.

"Shikamoo shangazi. Nimeleta barua unisomee kabla sijaituma."

Alikuwa anaomba kwenye kiwanda kimoja, si kwetu. Kwetu hawezi kuomba wakati mimi ndiye ninayefungua bahasha, na hilo tulishakubaliana na kaka yangu mapema. Nikaisoma. Mchapakazi, anajituma, presha kubwa. Chini yake orodha ya masomo aliyosoma chuoni, kana kwamba mwajiri hajui kwamba mwenye stashahada ya mitambo amesoma mitambo.

Nikamrudishia bila kusema kitu, nikaweka chai. Tukaongea habari za nyumbani. Katikati ya maongezi akasema wiki ile hakwenda Kahe kwa sababu pampu sasa inafanya kazi vizuri.

"Pampu gani?"

"Ile ya shambani kwa yule mzee wa mahindi na vitunguu. Si nilikusimulia?"

Hakuwa amenisimulia. Hadithi yenyewe ni hii. Mzee ana pampu ya dizeli inayovuta maji kutoka kwenye kisima cha wazi na kuyapeleka kwenye tangi la lita 45,000. Kila asubuhi walikuwa wanaijaza maji kwa ndoo ndipo ivute, na ikishavuta, maji yanatoka kwa kusitasita. Mafundi waliotangulia walishamwambia feni ya ndani imekwisha, anunue pampu mpya. Mzee alikuwa ameanza kutafuta pesa.

Kijana akafika, na kabla ya kugusa spana akachukua pipa la lita 200 na saa ya simu. Pipa lilijaa kwa sekunde 50, sawa na lita 4 kwa sekunde. Nilimuuliza nani alimfundisha kupima kabla ya kufungua, akasema ni mwalimu wao wa karakana, aliyekuwa mkali kwa hilo kuliko kwa mtihani. Mungu ambariki mwalimu huyo.

Kisha akapaka povu la sabuni kwenye maungio yote ya bomba la kuvutia, injini ikiwa inaunguruma. Hapa wengi hukosea. Upande wa kusukuma, penye tundu povu litatoa mapovu nje. Upande wa kuvuta ni kinyume, povu linamezwa ndani, kwa sababu humo shinikizo liko chini kuliko la hewa ya nje. Kwenye ungio la pili povu likamezwa. Gasketi, kile kipande cha kuziba ungio, ilikuwa imekauka na kupasuka, pampu ilikuwa inavuta hewa pamoja na maji. Akatoa na ile valvu ya mwisho wa bomba, iliyoko chini majini, akakuta kijiti kimekwama kwenye ulimi wake, ndiyo maana usiku maji yote yalirudi kisimani na asubuhi kukawa na kazi ya ndoo. Akakata gasketi mpya, akasafisha valvu, akafunga chujio la waya chini yake. Akapima tena kwa pipa lilelile: sekunde 32. Lita 6.25 kwa sekunde.

Fanya hesabu. Tangi lililokuwa linajaa kwa saa 3 na dakika 7 hivi sasa linajaa kwa saa 2. Kila likijazwa, zaidi ya saa nzima ya dizeli inabaki mfukoni mwa mzee. Na pampu mpya haikununuliwa, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

"Sasa mbona haimo kwenye barua?"

"Shangazi, ile si kazi. Ni kibarua tu cha Kahe."

Nilichoka. Ndani ya hadithi hiyo mna kila kitu alichojaribu kusema kwa maneno matupu. Kujituma kumo: hakukubali jibu la mafundi waliomtangulia. Umakini umo: alipima kabla na baada, kwa chombo kilekile. Kubana gharama kumo, kufikiri kumo. Kahe au kiwandani, maji hayajui tofauti.

Nikamwambia aisimulie tena kwa Kiswahili, polepole, mimi nikiandika. Baadaye ndipo akaipeleka kwenye Kiingereza cha barua. Nawashauri vijana wengi hivyo, kwa sababu ukianza moja kwa moja na Kiingereza, mkono unakwenda wenyewe kwenye zile sentensi za kunakili kutoka kwa rafiki. Aya iliyopatikana ilikuwa na mistari mitano tu: hali aliyoikuta na namba yake, alichokishuku na alivyokithibitisha, alichofanya, namba ya baada. Ikatoka bila kivumishi hata kimoja.

Akauliza swali zuri: na kazi niliyofanya na wenzangu je? Kwenye mafunzo kwa vitendo walikuwa kundi, walifunga mkanda wa kusafirishia magunia, yeye hakuwa kiongozi. Nikamchukulia mchoro mmoja wa A3 niliokuwa nao nyumbani. Pembeni chini kulia mwa mchoro wowote wa kihandisi kuna kisanduku: aliyechora, aliyekagua, aliyeidhinisha. Watu watatu, kazi moja, na hakuna anayemwibia mwenzake. Andika hivyohivyo. Kundi lilifunga mkanda, mimi nilipima na kunyoosha mstari wa mota na giaboksi. Ukiandika umefunga mkanda mzima, nitakuuliza roli zilikuwa za kipenyo gani, nawe utaangalia dari. Na ukijificha kabisa ndani ya kundi sitajua kama ulishika kitu au ulikuwa unaleta chai.

Kwa sababu tunauliza jamani. Kama barua yake ingefika kwetu, mimi ningeanzia palepale kwenye pampu: maji ya kisima yalikuwa chini kiasi gani kutoka kwenye pampu? Angejibu mita 5. Ningeongeza: zingekuwa mita 12 ungefanyaje? Hapo nataka kusikia kwamba pampu iliyokaa juu haiwezi, hata iwe mpya, hata uifunge mota ya ukubwa gani, kwani maji hayavutwi, yanasukumwa na hewa ya nje. Usawa wa bahari hewa hiyo inainua maji kama mita 10.3 kinadharia. Hapa Moshi ni mita 9 na kidogo, Arusha iliyo juu zaidi hazifiki 9, na kazini ukipata 6 au 7 shukuru. Kwa mita 12 unazamisha pampu yenyewe. Mtu akinijibu hivyo, alama zake za darasani sizitazami mara mbili.

Namba nazo ziwe na mama na baba. Kila msimu napata mtu aliyepunguza gharama kwa asilimia 40. Gharama zipi, za mwezi upi, nani alizipima? Kimya. Afadhali pipa na saa ya simu kuliko asilimia isiyo na ukoo. Kama hukupima, sema ulichokiona: mashine ilikuwa inasimama karibu kila siku, baada ya kubadilisha beringi ikamaliza msimu bila kusimama. Hiyo naiamini.

Jambo jingine, hili ni la sheria. Usijiandike Mhandisi kabla ya jina lako wakati Bodi ya Usajili wa Wahandisi haikujui. Sheria ya mwaka 1997 iliyoiunda Bodi imeweka wazi nani anaruhusiwa kujiita hivyo na kufanya kazi hiyo. Aliyemaliza shahada anasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na kuna mpango wa Bodi wa mafunzo ya miaka 3 chini ya wahandisi wazoefu kabla hajafika kwenye usajili wa mhandisi mtaalamu. Ukiwa ndani ya mpango huo, sema, na taja umefika mwaka wa ngapi. Kwangu ni sifa nzito kuliko vyeti vya semina za siku mbili. Mwenye stashahada ni fundi sanifu, na sioni aibu iko wapi. Viwandani huku wanaojua mashine imeamkaje leo ni wao.

Kazi za serikali zina njia yake. Kule kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira unajaza taarifa zako, unaambatisha vyeti na barua uliyoisaini, halafu unasubiri mchujo, ambao mara nyingi ni mtihani wa kuandika. Hadithi ya pampu haitakupitisha hapo. Itakufaa ukifika kwenye mahojiano ya ana kwa ana.

Na wadhamini. Kijana alikuwa ameandika majina ya walimu wawili wa chuo. Nikamwambia mmoja abaki, wa pili awe mzee wa Kahe, ila ampigie kwanza na kumsomea aya nzima. Mzee alisikiliza, akasahihisha jambo moja: kijiti kwenye valvu alikiona mfanyakazi wake wa shamba, kijana ndiye aliyekitoa. Tukarekebisha.

Barua hiyo imeshaenda. Ya pili anaiandika sasa, ni ya kiwanda cha Arusha kinachotafuta mtu wa boila, yaani mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke, na aya ya pampu haiwezi kuhamishwa tu. Kwenye boila alichofanya ni kusugua magamba ya chumvi kwenye mirija na kuandika usomaji wa geji kwenye daftari kila saa, basi. Aliniuliza kama aongeze kidogo. Nimemwambia alitafute hilo daftari kwanza, aone kama lina siku ambayo usomaji ulibadilika na yeye ndiye aliyegundua.