Nilivyomzoesha arowana wangu kutulia

Kilichonivuta kwa arowana si rangi, ni mwendo. Samaki wengi wa mapambo huhangaika ndani ya kioo, mara huku mara kule. Arowana huelea sentimita chache tu chini ya uso wa maji, mgongo umenyooka kama rula, sharubu mbili zimetangulia mbele. Akifika mwisho wa tangi hujikunja na kugeuka bila kutikisa maji. Siku ya kwanza kumwona nilisimama pale mpaka miguu ikauma.

Nilichukua arowana wa fedha, asili yake bonde la mto Amazon. Wengi huniuliza kwa nini sikutafuta yule mwekundu wa Asia, ambaye Wachina humfananisha na joka na kumhusisha na bahati. Huyo yumo tangu 1975 kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini; hiyo ndiyo orodha ya walio hatarini zaidi kutoweka. Wanaouzwa nje kihalali hutoka kwenye mashamba yaliyosajiliwa, wakiwa na chipu mwilini na cheti. Marekani hata hao hawaruhusiwi kufugwa nyumbani. Hata wa fedha nilimtafuta aliyezaliwa shambani, kwa sababu dume la arowana hulea watoto ndani ya mdomo wake kwa wiki kadhaa, na wako wavuvi wanaomuua baba ili wachukue vifaranga. Hilo nisingeweza kulibeba moyoni.

Alikuja akiwa hajatimiza urefu wa kiganja. Mwezi wa tatu nikafanya kosa ambalo bado linaniuma: nilizima taa ya tangi ghafla, chumba kikawa giza totoro. Nikasikia kishindo kwenye mfuniko, halafu kitu kinapapatika sakafuni. Mfuniko ulikuwa wa plastiki, mwepesi, na aliusukuma kwa kichwa. Nililowanisha taulo, nikamzungushia mwili mzima pamoja na macho, nikamrudisha majini. Magamba mawili yalibaki kwenye taulo, mapana kuliko ukucha wangu, na ukiyageuza kwenye mwanga yanatoa waridi kidogo pembeni. Usiku ule sikulala. Nilikaa kwenye kiti nikitazama mashavu yake yakifunguka na kufunga.

Baada ya hapo ndipo nilipomwelewa. Kule kwao maji hupanda yakafurika msituni, naye huruka kuwakamata wadudu kwenye matawi yaliyoinama juu ya maji. Ndiyo maana mdomo wake umetazama juu. Kuruka ndiyo asili yake, kwa hiyo nisingeweza kumwachisha. Nilichoweza ni kumwondolea sababu za kushtuka. Nikaweka mfuniko wa kioo kizito wenye vibano, nikaziba hata tundu la bomba la chujio, maana nafasi ndogo inamtosha. Nikashusha maji kiganja kimoja kutoka ukingoni, nikatandaza majani yanayoelea upande mmoja ili apate kivuli. Taa ya chumba sasa huwaka kwanza, ya tangi hufuata baadaye. Jioni nazima ya tangi kwanza, naacha ya chumba nusu saa nzima. Hayo ya taa, kwangu, yalisaidia kuliko yote. Tangu hapo hajagonga mfuniko.

Chakula kilinichukua wiki tatu. Alizoea nyenje hai na akawa hataki kingine. Nikamwacha siku mbili bila kula, nikamtupia punje zinazoelea zilizochanganywa na uduvi. Alizichukua, akazitema, akazichukua tena. Nikaendelea hivyo hivyo, nikipunguza uduvi kidogo kidogo. Samaki wadogo hai simpi kabisa, kwani huingiza magonjwa.

Jambo ninalomwambia kila anayetamani kumfuga ni ukubwa. Huyu hufika sentimita 90, na mwaka wa kwanza anakua mbele ya macho yako. Usinunue kifaranga ukisema tangi utalitafuta baadaye. Langu lina urefu wa mita 2.4 na upana wa sentimita 90 ili ageuke bila kujikwaruza, na linabeba karibu lita 1,300. Maji hayo pekee ni zaidi ya tani moja, kwa hiyo sakafu ilikaguliwa kwanza. Kila wiki nabadilisha robo ya maji, yale mapya nikishayatia dawa ya kuondoa klorini, na joto nalishikilia kwenye nyuzi 27 au 28.

Sasa ana miaka minne. Nikikaribia jioni huja mwenyewe kwenye kona ya kulia, sharubu zinagusa kioo. Nafungua kijilango kidogo, naangusha nyenje mmoja, zawadi yake ya wiki. Mwili unajipinda kama upinde, mdomo unafunguka, unasikia "tap!" moja, na maji yanatulia.