Mkono wa amani nilimpa, ila daftari la wateja nikabaki nalo

Mi ni mbanguaji mdogo wa korosho hapa Mtwara mjini, nabangulia nyumbani, napaki, natuma Dar kwa basi. Hii kazi tulianza wawili, mimi na mwenzangu mmoja ambae tulikua tunasali nae jumuiya moja na kwaya moja, mimi sauti ya pili yeye ya kwanza. Mikono yetu yote ina alama za mafuta ya ganda, yani tumeungua pamoja kabisa.

Mei 2024 kikapita kile kimbunga Hidaya, mvua ikaikata barabara ya Dar kule Somanga, mabasi yakasimama, mzigo wangu ukakaa stendi na wateja simu hawapokei. Nikajua ni barabara tu. Njia ilipofunguka nikampigia mteja wangu wa Kariakoo, mama wa watu akaanza "pole mama angu, umesharuhusiwa?" Nimeruhusiwa wapi? Ndo ananiambia mwenzangu kampigia akasema mimi nimelazwa, biashara nimeacha, korosho zilizobaki kwangu zimeingia wadudu, kwahiyo atakua anatuma yeye. Nilikaa chini pale pale kwenye maganda.

Kilichoniuma sio hela ingawa kwa hesabu yangu ilifika kama laki sita na nusu. Ni kwamba kila Jumamosi kwenye jumuiya, zamu ya maombi ikifika, huyu dada alikua ananiombea MIMI, kwa jina, Bwana amfungulie mwenzetu milango ya biashara, na mimi naitika "twakuomba utusikie" huku mlango wenyewe funguo anayo yeye mfukoni.

Usiku nikaandika status ndefu ya WhatsApp na namba yake ya simu humo humo. Sikuituma kwasababu bando liliisha, nisijifanye mtakatifu hapa. Asubuhi nikamsimulia bibi jirani yangu, yeye ni muislamu na swala tano hazimpiti, akanisikiliza weee, akaniambia "mjukuu wangu, mtu kakuibia wateja, sasa na usingizi unampa?" Akaendelea kupepeta mchele wake.

Siku ile nikafungua Zaburi ya 55. Wengi tunaijua kwa ule mstari wa kumtwika Bwana mzigo, lakini ukianza juu huyo mtu analia kwamba angekua adui angevumilia, tatizo ni rafiki aliekua anatembea nae kwenda nyumba ya Mungu. Nikasema huyu ananijua. Na hapo kati anamuombea mwenzie mabaya makubwa tu, mauti imkute ghafla, na yamo kwenye Biblia. Ilinisaidia sana kujua kwamba hasira naweza kuipeleka kwa Mungu ikiwa mbichi hivyo hivyo bila kuichemsha kwanza.

Halafu Mathayo 18 inasema ukikosewa nenda kwanza mkaongee wawili tu, ndo watu wengine baadae. Sisi tunaanzaga na watu wengine. Nikamfata kwake jioni. Kwanza akakataa, akaapa kwa watoto wake, nikamtajia alichosema kwa mama wa Kariakoo neno kwa neno, akanyamaza, mwisho akasema "shida tu dada, ada ya mtoto." Kuomba radhi aliomba, lakini macho yake yalikua mlangoni.

Nilipoenda kuungama nikamwambia padri kwamba nimemsamehe mdomoni tu. Akaniuliza unamtakia mabaya? Nikasema siku nyingine ndio. Akaniambia zile siku nyingine ndo za kumuombea. Kuhusu kurudi kufanya nae biashara hakunilazimisha, akanielekeza nisome mwisho wa barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 4, Paulo anamtaja Iskanda yule mfua shaba aliemtenda ubaya mwingi, anasema Bwana ndo atamlipa, na hapo hapo anamwambia Timotheo na wewe ujihadhari nae. Yote mawili kwa pumzi moja! Mi miaka yote nilidhani ukijihadhari na mtu basi hujasamehe.

Kwahiyo nilichofanya ni hiki, mtaji tuligawana mbele ya mume wake, wateja nikawapigia mmoja mmoja kuwaambia mimi mzima na nipo kazini, habari za mwenzangu sikugusa, na kila pakti sasaivi ina namba yangu. Kwaya sikuhama. Ila ile sehemu ya kupeana amani kwenye misa, aisee, kama miezi miwili nilikua nabanwa mkojo ghafla ikikaribia, natoka nje, narudi wanaimba Mwanakondoo wa Mungu. Jumapili moja nikakaa. Nikampa mkono, wake ulikua wa baridi na wangu unatetemeka, na ile misa iliyobaki sikumbuki niliimba nini.

Msimu ulivyofunguka mwezi wa kumi akaja nyumbani, hodi hodi na kicheko chake kile kile, tukaongea bei za mnada, watoto, magoti ya bibi. Nikamchemshia chai na maandazi akala matatu. Akiwa anaaga ndo akauliza, eti mimi nimepata mteja mpya Arusha, nimgaie namba yake? Nikamfungia maandazi mawili ya watoto kwenye gazeti. Namba sikumpa.