Yaka ikirudi, grinda iko wapi?

Nilipovuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda mara ya kwanza, neno lililonichanganya halikuwa la Kiganda. Lilikuwa "Umeme". Mimi mtoto wa Korogwe, umeme kwangu ni ule unaokupiga shoti. Huku Umeme ilikuwa kampuni, ndiyo iliyosambaza nguvu hiyo tangu 2005 mpaka mwisho wa Machi 2025, na mtu akisema "Umeme wamekuja" alimaanisha mafundi wenye ngazi. Umeme wenyewe Waganda wanauita masannyalaze. Na ile mita ya kulipia kabla ambayo nyumbani tunaiita LUKU, huku ni Yaka. Maana yake ni hiyo hiyo unayoidhania: waka. Nikalipenda jina hilo, sikujua kama litanipeleka kushonwa nyuzi saba.

Nafanya useremala Ndeeba, Kampala, barabara ya kwenda Masaka. Ukiniuliza Ndeeba pakoje, nitakwambia ni mbao na kelele: mvule, musizi, nkalati, mbao zimesimamishwa ukutani mpaka barabarani, na vumbi linaloingia hadi kwenye chai. Ukipita mtu anafanya kazi unamwambia "Gyebaleko, ssebo", yaani asante kwa kazi. Sisi tunampa pole, wao wanamshukuru. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawapa watu pole wananishangaa, wanadhani nimesikia msiba.

Karakana yetu ina mashine kubwa moja ya kupasulia. Kazi nyingine zote zinafanywa na grinda ndogo, mashine ya mkono inayozungusha diski, ya inchi nne na nusu. Inakata bawaba, inapiga msasa, na mtu akitaka kuchana ubao haraka anaifunga diski ya meno, ile ya msumeno. Gadi, kile kibati cha kukukinga, huwa imeshatupwa siku nyingi. Yangu niliivua mwenyewe wiki ya pili. Niliona inanizuia kuona mstari.

Na plagi! Drili ya mzee mwenye karakana ilikuwa haina plagi kabisa. Unachukua nyaya mbili zilizomenywa, unazisindika kwenye matundu ya chini kwa njiti za kiberiti, lakini kwanza unachokonoa tundu la juu kwa msumari. Nilikuwa nafanya hivyo tangu Tanga bila kujiuliza kwa nini tundu la juu. Kumbe pini ya juu, ya ethi, yaani ya waya wa ardhini, ni ndefu makusudi: ndiyo inayofungua vijilango vya matundu mawili ya chini. Msumari unafungua mlango, ila ethi yenyewe haipo. Kwa drili yenye alama ya mraba ndani ya mraba hilo si tatizo, maana imetengenezwa kwa kinga mbili na haihitaji ethi. Tatizo ni ile mashine kubwa yenye mwili wa chuma. Hiyo ukiinyima ethi, siku waya ukichubuka ndani, mwili mzima unakuwa na umeme na wewe umeuegemea.

Sasa siku yenyewe. Nilikuwa natengeneza fremu ya mlango wa mvule. Mvule una ujeuri wake: ndani yake huwa kuna mawe, chokaa iliyoganda ndani ya mti, na meno ya msumeno yakikutana nayo yanaruka. Kwa hiyo nakwenda taratibu, macho kwenye mstari. Ghafla kimya. Ukasikia redio ya jirani inasoma matangazo ya vifo, ndipo tukajua umeme haujakatika, ni Yaka yetu imeisha. Nikaweka grinda mezani, nikaenda kununua rolex. Chapati, mayai mawili, nyanya, kabichi. Bado naikumbuka ladha yake.

Grinda yangu ilikuwa na swichi ya kusukuma mbele, inajifunga yenyewe ili kidole kisichoke. Grinda ikiwa kimya, swichi iliyofungwa na isiyofungwa zinafanana kabisa ukiwa umesimama mbali. Mzee akalipa kwa simu, ujumbe ukaja, akaanza kubonyeza zile tarakimu 20 kwenye mita. Mimi nimerudi, nimeinama kuokota penseli chini ya meza.

Umeme ukarudi, grinda ikawaka yenyewe, maana sikuwa nimezima swichi. Haikuruka kama watu wanavyosimulia. Ilitembea. Meno yaliuma meza, ikajivuta kama kaa, waya unaifuata, ikaning'inia ukingoni na kuangukia mkono wangu wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Kijana wa Masaka ndiye aliyekwenda kwenye soketi na kuzima. Wengine wote, nami nikiwemo, tulibaki tunaitazama. "Bambi," mzee akasema, yaani maskini, "bambi, ssebo," na mkononi bado kashika simu.

Daktari aliyenishona aliniuliza swali moja tu: gadi ilikuwa wapi?

Sasa nyuzi zimetoka na mimi nimekuwa msumbufu. Yaka ikiisha, kabla mtu hajatoka nje namwambia: swichi kwanza, halafu chomoa. Kuna grinda mpya ambazo umeme ukirudi zinakataa kuwaka mpaka uzime na kuwasha tena. Ukipata pesa nunua hiyo. Glavu za uzi nazo, usivae kwenye drili, uzi mmoja ukishikwa mkono wote unafuata. Na waya wa ekstensheni uliojikunja kama chatu uukunjue wote kabla ya kuwasha mashine kubwa, usije ukayeyuka.

Juzi akaja fundi wa vyuma kutoka Katwe, ana diski ya inchi tisa, anataka aifunge kwenye grinda yetu ndogo. Inaingia, maana tundu la katikati ni lile lile, milimita 22 na kidogo. Nikachukua penseli nikamwandikia kwenye ubao. Grinda ndogo inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Diski yake ndogo, ukingo wake unakwenda mita 66 kwa sekunde, kama kilomita 240 kwa saa, mwendo ambao hata dereva wa basi la Mutukula hajauota. Weka ya inchi tisa, ukingo unafika mita 132. Kwenye diski yenyewe wameandika mwisho wake ni mita 80. Akaisoma, akaigeuza, akaona pia tarehe kwenye kile kipete cha chuma katikati: muda wake ulikuwa umeshapita. "Kale," akasema, yaani sawa, akaondoka nayo. Sijui alikokwenda nayo.

Mdogo wangu wa Korogwe naye kaanza useremala. Mwezi uliopita nilimtumia grinda kwa mtu wa lori, gadi nimeifunga mwenyewe na kukaza. Jumapili akanipigia, hata shikamoo hakumaliza:

"Kaka, imefika, inakata kama wembe! Ila kile kibati nimekitoa, kilikuwa kinanizuia kuona."

Nikamwambia akirudishe kwanza, nipo kwenye simu nasubiri. Nilisikia anatafuta spana. Ilichukua muda wa maongezi wa shilingi elfu mbili za Uganda.