Nati ya ekseli iliyogoma: nilivyoitoa bila kuiumiza ekseli

Ukinunua pikipiki ya zamani hapa Dodoma, kila mtu atakwambia uangalie injini. Sikiliza pistoni, tazama moshi, piga kiki ikiwa bado ya baridi. Ushauri mzuri wote huo. Lakini kule nyuma kuna nati ya ekseli, kile chuma cha mviringo kinachopita katikati ya tairi na kulishikilia, ambayo haina anayeishika mpaka tairi litoboke, na kwenye nchi ya migunga kama yetu siku hiyo haichelewi.

Yangu ni Yamaha DT 125. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliitumia Bahi, kama kilomita 55 magharibi ya mji, kwenye majaruba ya mpunga. Anayeijua Bahi ameshaelewa. Mvua za huku huanza Desemba na kukatika Aprili. Miezi hiyo chombo kinazama kwenye tope, na miezi inayobaki ni jua na vumbi tu. Bonde la Bahi halina mto wa kuyapeleka maji yake baharini. Maji yanaingia, yanatuama, jua linayanyonya, chumvi inabaki kwenye udongo. Pikipiki ikitoka jarubani inaoshwa kwa maji ya kisima, nayo mara nyingi ni ya chumvichumvi.

Chuma kinahitaji maji na hewa ili kiote kutu. Maji yakiwa na chumvi kazi inakwenda haraka zaidi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha vizuri ule umeme mdogo ambao ndio unaokila chuma. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na kati ya meno ya nati na meno ya ekseli hakuna nafasi ya ziada. Kwa hiyo nati inabanwa kutoka ndani, na kila masika inabanwa zaidi. Hii yangu ilikuwa imeshikana na washa yake na ajasta ya cheni, ile ya kuvutia cheni ikilegea, mpaka huoni moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Kabla sijashika spana niliamua jambo moja, na maamuzi yote yaliyofuata yalitoka hapo: nati inaweza kufa, ekseli lazima iishi. Maduka ya spea mjini yamejaa vifaa vya Boxer na TVS. Nati unaweza kuipata popote, hata kwenye kopo la nati za zamani la fundi yeyote. Ekseli ya DT ya zamani ni kuitafuta, au kumbembeleza fundi wa mashine ya lethi akuchongee, na si kila chuma cha kuchonga kinafaa kubeba tairi la nyuma na mzigo wa gunia juu yake.

Nilianza na usafi. Brashi ya waya, kijiti, maji kidogo, mpaka meno ya ekseli yaliyochomoza nje ya nati yakaonekana. Kazi hii watu huiruka, na mimi naiona ni nusu ya kazi nzima, kwa sababu tope kavu lililojaa kwenye meno ya nje ndilo nati itakalokutana nalo ikianza kutoka. Nati yangu ni ile yenye mapengo juu ya kupitishia pini, na pini yenyewe ilikuwa imekatikia ndani ya tundu. Niliisukuma kwa msumari mwembamba uliokatwa ncha, nikipiga kidogo kidogo. Mabaki ya pini yakibaki mle, nati haizunguki hata ukiileta kreni.

Kisha oili. Watu wana imani zao: wengine mafuta ya taa, wengine oili ya breki, wengine dawa ya kopo. Mimi nilichanganya oili ya gia boksi ya otomatiki na asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, nusu kwa nusu. Asetoni inaifanya oili iwe nyepesi ipenye, kisha yenyewe inaruka na kuiacha oili ndani. Mchanganyiko huo hautulii, lazima uutikise kila unapoutumia, na unashika moto kwa urahisi sana. Nililaza pikipiki ubavu ili nati iangalie juu, baada ya kufunga koki ya petroli na kutoa tangi kabisa. Nikadondoshea asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Katikati ya madondosho nilikuwa nagonga. Nyundo nzito naishikiza upande mmoja wa nati, nyundo ndogo inapiga upande wa pili, nazunguka kona zote sita. Mtikisiko huo unavunja kutu na kuifungulia oili njia. Usigonge kichwa cha ekseli wala ncha yake. Ukitanua ncha ya ekseli, nati haitapita tena.

Vijana wa bodaboda wa pale mtaani walikuja kutazama. Mmoja akaleta bomba la chuma la kama mita moja.

"Kaka, chomeka hili kwenye spana, mimi nasimama juu yake. Sasa hivi tu."

Nilimshukuru na bomba nikalichukua, ila kusimama nilimkatalia, nikampigia hesabu. Nati za ekseli ya nyuma kwa pikipiki za ukubwa huu kwa kawaida hukazwa kati ya Nm 60 na 100 (Nm, yaani nyutonimita, ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Mtu wa kilo 70 akisimama mwisho wa bomba la mita 1 anatoa karibu Nm 700. Nguvu hiyo haiulizi kipi kilegee. Inaweza kulegeza nati, na inaweza kukata ncha ya ekseli na meno yake yote. Mzee mmoja fundi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la gereji ya jirani, aliongezea neno lililonisaidia kuliko yote.

"Mwanangu, kabla ya kufungua, kaza kidogo."

"Shikamoo mzee. Nikaze wakati nataka kulegeza?"

"Marahaba. Kaza kidogo tu. Kutu haijui unaelekea wapi. Ikivunjika upande wa kukaza imevunjika."

Nilitumia boksi, ile spana inayoifunika nati nzima, ya kona sita. Ile ya kona kumi na mbili, na spana ya kawaida yenye mdomo wazi, zinakula kona za nati laini. Nati nyingi za ekseli za pikipiki za Kijapani ni namba 19, 22 au 24. Jaribu mpaka upate boksi inayokaa bila kucheza. Pikipiki niliirudisha wima, tairi chini, kijana mmoja akakanyaga breki ya nyuma, mwingine akashika kichwa cha ekseli upande wa pili kwa spana. Nikakaza kidogo kama mzee alivyosema, nikasikia mlio mkavu, mfupi. Nikarudi upande wa kulegeza, nikavuta polepole kwa uzito wa mwili bila kutikisa. Ikasogea. Robo mzunguko hivi, kisha ikaanza kulia kwa sauti ya chuma kukwaruza chuma, na kadiri nilivyovuta ndivyo ilivyozidi kuwa nzito.

Hapo ndipo ekseli nyingi zinapofia. Nati imesogea, moyo umefurahi, mtu anaendelea kuvuta. Lakini nati inayozidi kuwa nzito inapotoka inabeba kutu mbele yake na kung'oa meno. Niliirudisha nilikoitoa, nikaweka oili, nikaenda mbele na nyuma. Ilipokataa kupita pale pale, nikahamia kwenye moto.

Moto una masharti yake. Tangi lilikuwa limeshatoka. Oili yote ya asetoni niliifuta na kuacha pakauke kabisa, nikaweka ndoo ya mchanga karibu. Tochi ya gesi niliielekeza kwenye nati peke yake, kwa sababu ndani ya habu, yaani kitovu cha tairi, kuna beringi, grisi na sili za mpira ambazo joto linaziua. Kinachotafutwa ni tofauti ya joto. Ekseli ya milimita 14, nati yake ikiwa na joto la nyuzijoto 200 zaidi yake, tundu la nati linapanuka kama milimita 0.03. Ni kidogo mno kwa macho, lakini kwa kutu inatosha kupasuka. Nikagusisha mshumaa kwenye meno yenye moto. Nta iliyeyuka ikanyonywa ndani, kama utambi unavyonyonya mafuta. Ikikufikia nati ya aina ile yenye duara la plastiki ndani, jua kwamba moto utaiunguza hiyo plastiki, na nati haifai kurudishwa.

Ilisogea zaidi ya mara ya kwanza. Kisha ikashika tena, na sasa kona zilikuwa zinaanza kung'aa na kulika. Nikasema basi. Kona zikiisha, boksi haina pa kushika, na meno ya ekseli yalikuwa bado mazima. Niliona ni wakati wa nati kufa.

Vijana walitaka grenda. Grenda ni nzuri na inakwenda haraka, na haraka yake ndiyo iliyoniogopesha. Diski ikipitiliza kidogo inachora ekseli. Nilitumia msumeno wa mkono wa kukatia chuma. Nilikata sambamba na urefu wa ekseli, kwenye bapa moja la nati, nikaenda mpaka ukuta uliobaki ukawa mwembamba kama kadi ya simu. Nikageukia bapa la upande wa pili nikakata vile vile. Kuyafikia meno hakuhitajiki. Kisha tindo kwenye mfereji, nyundo ikapiga kwa mshazari kana kwamba nataka kuuzungusha. Nati ilipasuka kwa mlio safi, nusu mbili zikadondoka, na ndani yake kulikuwa na unga mwekundu uliobanana ukawa mgumu kama tofali.

Ekseli yenyewe haikutoka kirahisi, maana ilikuwa imeshikana na bushi ya katikati na beringi. Nilifungia nati nyingine ya meno yale yale mpaka ikawa sawa na ncha, ili nyundo ikutane na nati badala ya meno, nikaweka kipande cha mninga juu, nikapiga huku kijana akizungusha kichwa cha ekseli kwa spana. Kuzungusha kulisaidia kuliko kupiga. Na nilipofungua habu, vumbi la breki sikulipuliza. Breki shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, vumbi lake linadhuru mapafu, kwa hiyo nililowesha kwa maji na kufuta kwa kitambaa nilichokitupa.

Meno ya ekseli niliyasafisha kwa brashi na mafuta ya taa, nikapitisha nati mpya kwa vidole mpaka mwisho. Kwa vidole tu. Ikihitaji spana, bado kuna uchafu. Ekseli yote nikaipaka grisi, kuanzia kichwani mpaka kwenye meno.

Spana ya kupimia nguvu sina, na gereji nyingi za mtaani hazina. Nilichukua mzani wa kuning'iniza, huu wa kupimia karanga, nikaufunga kwenye mkono wa boksi, nusu mita kamili kutoka katikati ya nati, nikavuta kwa pembe mraba mpaka ukasoma kilo 16. Hiyo ni karibu Nm 80. Meno yenye grisi hubana zaidi kwa nguvu ile ile, kwa hiyo sikuongeza ili kuwa na uhakika. Pengo la nati halikuwa limelingana na tundu la pini. Hapo unakaza kidogo mpaka lilingane, hulegezi. Nikatia pini mpya, nikakunja ncha zake, nikapima cheni, na baada ya safari ya kwanza ya kwenda Kongwa nikaikagua tena.